Shangazi, wanafunzi wangu wataona nini Amani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi hapa Mbagala. Wazazi wamechanga, lakini fedha iliyopatikana haitufikishi Serengeti wala Ngorongoro. Mwenzangu mmoja ananishauri niwapeleke watoto msitu wa Amani, kule Muheza. Mwingine anasema nitawachosha bure, kwa sababu kule ni miti mitupu. Watoto ni 22, wa darasa la sita. Twende, au tuchange tena mwakani?
Mwalimu, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nendeni mwaka huu huu. Ila kabla hamjapanda basi waambie watoto ukweli: tembo hakuna, simba hakuna, twiga hakuna. Mtoto aliyeahidiwa simba atapita chini ya mbega bila hata kuinua macho.

Mwaka 2011 niliwapeleka watoto wanne wa dada yangu. Tulishukia Muheza, tukapanda gari la kwenda mlimani, tukafika Sigi, kwenye lango la hifadhi chini ya mlima, mchana. Walikimbia njia nzima wakipiga kelele. Jioni mdogo wao akalia, akasema nimewadanganya, hakuna kitu. Yule kijana aliyekuwa akituongoza hakubishana naye. Alisema tu, "Kuleni, halafu vaeni suruali ndefu mzichomeke ndani ya soksi." Ni kwa ajili ya siafu, na wewe usilisahau hilo.

Saa mbili usiku tukatoka na tochi. Hatukwenda hata mita mia. Akamulika kijiti kilichoning'inia pembeni mwa njia, na pale juu kukawa na kitu cheupecheupe kama jani lililochujuka. Kinyonga, amelala. Mkia kaukunja mviringo, miguu imekibana kijiti, macho yamefumba. Usiku rangi yake hupauka, ndiyo maana tochi humwona upesi, ilhali mchana ungepita mara kumi usimwone. Huyo alikuwa na pembe tatu puani, basi ni dume. Jike wa aina hiyo hana pembe. Tukaona wengine wadogo, rangi ya jani kavu, urefu wa kidole. Mtoto yule aliyelia alisimama pale hadi tukamvuta mkono. Wengi wetu wa Pwani tumelelewa kumwogopa kinyonga, tukiambiwa ana mkosi. Usiku ule ule woga wa wale watoto uliisha, na hakuna aliyewahubiria.

Kwa hiyo panga kulala huko, usiende na kurudi siku moja. Nyumba za wageni zipo Sigi na zipo Amani kwenyewe, juu zaidi, kwenye baridi. Piga simu mapema, kwa kuwa watoto 22 ni wengi. Raia hulipa ada ndogo kuliko mgeni wa nje, basi beba vitambulisho na barua ya shule. Masika epuka, barabara ya kupanda huteleza vibaya. Na tochi ziwe nyingi: moja kwa watoto watatu, si moja kwa darasa.

Mchana una somo lake, na wewe kama mwalimu wa sayansi utalifurahia kuliko wao. Sikilizeni hondohondo anaporuka juu ya miti. Mabawa yake yanavuma kama mtu anayepepeta kwa ungo. Ndege huyo hula matunda ya mti ambao Waganda huuita musizi. Mti huo si wa asili ya milima hii ya Usambara. Uliletwa na watu, ukapandwa, na hondohondo akazisambaza mbegu zake msituni hadi ukawa tatizo kwa miti ya asili. Waulize watoto nani mwenye kosa, halafu kaa uwasikilize.

Waonyeshe na bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, dawa za kutoka nje zilipokatika, walitengeneza kwinini hapo hapo Amani kwa magome ya miti waliyoipanda. Ila usiache kuwaeleza habari ya kahawa. Miaka ya 1890 walifyeka msitu wakidhani udongo unaobeba miti mikubwa namna ile lazima uwe umeshiba. Kahawa ikawashinda. Rutuba ilikuwa kwenye miti yenyewe na majani yanayooza chini yake, ukishafyeka, umeiondoa. Mwambie mtoto apanguse majani makavu kwa mkono aone jinsi tabaka jeusi lilivyo jembamba.

SWALI: Shangazi, mwezi wa nane nakuja Tanga kwa harusi na nitapanda Amani. Mama yangu ana ua la zambarau kwenye chungu dirishani, nasikia asili yake ni huko. Naweza kung'oa shina moja nikamletee?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Asili yake ni huko kweli, binti yangu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia. Leo huuzwa kwa mamilioni duniani. Lakini lile la porini huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, sehemu chache, na aina nyingine zimebaki kidogo mno. Tafadhali usiling'oe. Hata kwenu Kenya lipo, vilima vya Taita, na huko nako liache.

Piga picha umwonyeshe mama. Na ukitaka shina lako, mwombe yeye jani moja, ulikate pamoja na kikonyo chake. Kichomeke kikonyo kwenye udongo laini wenye unyevu, uweke mahali penye mwanga pasipopigwa na jua. Usimwagie maji juu ya jani, litapata madoa. Baada ya wiki kadhaa utaona vijani vidogo vinachomoza pale chini ya kikonyo.