Bahasha ya pesa chini ya kaunta

Dadangu, hiyo bahasha ya pesa uliyoiona chini ya kaunta hapo dukani kwenu Marikiti msigawane, eti kwa vile kwenye komedi ya TV wafanyakazi waligawana, ile ni stori tu. Sheria ya jinai ya Kenya kifungu cha 268 yasema ukiokota kitu, humjui mwenyewe na una sababu ya maana kuamini hapatikani, huo si wizi, lakini nyinyi kamera ipo na wateja mwawajua, sasa mtajitetea vipi? Mpe bosi mbele ya shahidi, iandikwe kwa daftari, asipotokea mtu pelekeni polisi mpewe namba ya OB, lile daftari lao la matukio. Tangazo bandikeni ila kiasi msitaje, wallahi watajitokeza watu kumi, kila mmoja adai ni zake.