Kufunga baraza kwa vioo Malindi: pima upepo kwanza, alumini baadaye

Dada uliyeanzisha uzi, salamu. Nimesoma swali lako na majibu yaliyotangulia, na naona wengi wamekimbilia bei ya alumini kabla hata hawajakuuliza baraza lako linatazama wapi. Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu ana nyumba Malindi, baraza la futi 12 kwa 20 upande wa bahari, nguzo nne za mawe, paa la mabati. Kwa shangazi yake Uingereza aliona baraza la nyuma limegeuzwa chumba cha vioo, kioo toka sakafuni mpaka juu na paa la kupitisha mwanga, naye anataka kama kile. Anauliza kama inawezekana na aanzie wapi.

Kufunga inawezekana, na ukifunga vizuri utapata chumba ambacho nyumba nzima itahamia humo. Ila kile cha shangazi yako usikilete kama kilivyo. Kimejengwa kutega jua. Kioo kinapitisha mwanga, mwanga ukitua kwenye sakafu na viti unageuka joto, na joto hilo halipati njia ya kurudi nje. Kule ndiyo raha yake: nje baridi, ndani mtu anakunywa chai bila koti. Sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Jua linatusimamia utosini katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba, na hakuna mwezi tunaolitafuta. Tunachokitafuta ni upepo uingie na mvua ibaki nje.

Nimefunga mabaraza mawili, la nyumbani kwetu Shela (ya Malindi, si ile ya Lamu) na la nyumba ya wageni ninayoisimamia Casuarina. Kazi hiyo hunipitisha pia kwenye nyumba za watu ambao nusu ya mwaka hawapo. Mmoja wao alijenga chumba cha vioo kama ulivyokiona wewe, kimezibwa pande zote, paa la plastiki angavu, kisha akafunga kiyoyozi. Niliingia mle Machi moja, saa nane mchana, umeme umezimwa kwa kuwa hakuna mtu. Mishumaa ya mezani ilikuwa imejipinda kwenye vinara vyake mpaka ncha zimegusa kitambaa. Siku hizi mtunza nyumba anaanikia nguo humo, na kusema kweli zinakauka upesi.

Kabla hujamwita fundi yeyote, fanya jaribio hili. Jioni upepo ukiwa wa kawaida, fungua madirisha na milango yote ya nyumba, weka chetezo katikati ya sebule, choma ubani, ukae uangalie moshi unaelekea wapi. Kwa nyumba inayotazama bahari, mara nyingi utaingia ndani kutoka barazani na kutokea madirisha ya nyuma. Sasa tundika mashuka kwenye nafasi zote za baraza, yabane chini kwa mawe, kisha angalia moshi tena. Ukisimama wima mpaka dari na kuenea chumba kizima, basi umeona nyumba yako itakavyokuwa siku vioo vikifungwa. Watu hufikiria joto la chumba kipya tu, wakasahau kwamba sebule na chumba cha kulala vilivyo nyuma yake vilikuwa vinapumulia hapo hapo barazani.

Halafu anza kuondoa shuka moja moja. Ondoa la upande wa kusini mashariki, tazama. Lirudishe, ondoa la kaskazini mashariki. Fanya hivyo kwenye kusi, na ukiweza kusubiri, fanya tena kaskazi ikiingia, kwa sababu pepo hizi mbili haziji kwa mlango mmoja. Mimi nilisubiri, majirani wakaniona nimechanganyikiwa kwa kuanika mashuka barazani usiku. Lakini ndivyo nilivyojua upande mmoja wa baraza letu haukuwa na kazi yoyote kwa upepo, nikaujenga ukuta wa mawe mpaka juu na kuokoa pesa nyingi za vioo. Rafu za vitabu ziko hapo sasa.

Ukishajua upepo unaingia wapi, ndiyo uchague aina ya dirisha. Hapa mafundi wengi watakupa vioo vya kuteleza bila kukuuliza, kwa kuwa ni rahisi kuvitengeneza. Fahamu kwamba dirisha la kuteleza la vipande viwili halifunguki zaidi ya nusu yake. Ukilipia futi sita, unapata upepo wa futi tatu. La reli tatu linakupa thuluthi mbili. La kufungua kwa bawaba linafunguka lote, ila kusi ikipandisha linapigwa ukutani mpaka kioo kiruke, kwa hivyo lazima liwe na kizuizi imara cha kulishikilia. Kwangu, pande za upepo nimeweka luva, yaani vipande vyembamba vya kioo vinavyoinamishwa, zile za zamani ambazo vijana wanaziona za kishamba. Zinafunguka karibu zote, na mvua ndogo ikinyesha unaziinamisha tu, hewa inaendelea kupita. Ubaya wake ni wezi, maana kipande cha luva huchomolewa bila kelele, kwa hivyo grili ni lazima. Na grili nayo iwe na sehemu inayofunguka kwa ndani. Usijifungie kwenye chumba ambacho moto ukitokea sebuleni huna pa kutokea.

Hewa moto nayo inataka mlango wake, na mlango huo uko juu. Acha nafasi kati ya kichwa cha fremu na paa, nusu futi au zaidi, uiweke mbao za luva zisizofunga na wavu nyuma yake. Fundi atakwambia vumbi litaingia. Litaingia. Pangusa.

Kuhusu paa, nakushauri ubaki na mabati yako, uweke dari chini yake na kuacha hewa ipite katikati. Ukitaka mwanga zaidi, toa bati moja tu mahali pa kivuli, uweke shiti la plastiki angavu, na hakikisha ule upande wenye kinga ya jua ndio unaotazama juu. Mara nyingi umeandikwa kwenye karatasi ya nailoni inayobandukwa, na fundi akishaibandua kabla ya kupandisha, hakuna anayejua tena upande upi ni upi. Likigeuzwa linakuwa manjano na kukatika kama biskuti kabla ya wakati wake. Wenye makuti habari yao ni nyingine: msigandamize fremu kwenye makuti. Makuti hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na siku ya kuyabadilisha hutataka vioo viwe vimeshikana nayo.

Jambo ambalo halikutajwa na mtu humu ni upenu. Mvua ya kusi haishuki, inakuja imelala. Fremu zikisimamishwa kwenye mstari wa mwisho wa paa, maji yote ya bati na ya upepo yanazipiga miguuni. Nguzo zako ziko pembeni kabisa ukifuata picha uliyoweka, kwa hivyo una njia mbili: rudisha fremu ndani ya mstari wa nguzo, au ongeza bati litoke nje futi mbili au tatu. Mimi ningeongeza bati. Unapata kivuli juu ya kioo chenyewe, na kwa baraza la mashariki kama lako, ambalo jua linaligonga toka alfajiri, kivuli hicho ndicho kinachoamua kama saa tatu asubuhi utakuwa umekaa mle au umekimbia. Jua la saa moja hutalizuia kwa upenu, liko chini mno. Hilo ni la pazia la miyaa au chiki kwa nje. Pazia la ndani huzuia macho ya watu, joto limeshaingia.

Sakafu sasa. Mwaga ndoo ya maji karibu na mlango wa sebule uone yanakimbilia wapi. Baraza lililojengwa na mwashi anayejua kazi lina mteremko wa kwenda nje, na uliwekwa makusudi. Ukipanga mstari wa tofali ukingoni ili fremu ikalie, umejenga bwawa. Kwa hivyo acha matundu ya kutolea maji chini ya tofali hizo, na usimruhusu mtu akusawazishie sakafu kwa saruji mpya kabla hajakuonyesha maji yatapita wapi. Angalia pia kama ukingo wa baraza una msingi. Mengi ya hapa ni zege jembamba lililomwagwa juu ya kifusi. Fremu za alumini litazibeba, ukuta wa mawe wa futi tatu huenda lisiubebe, na ufa utatokea pale baraza linaposhikana na nyumba.

Reli za chini za alumini zina vitundu vidogo vya kutolea maji kwa nje. Fundi wetu wa Casuarina, kijana hodari kwa kweli, alivipaka silikoni vyote kwa nia njema, kuziba mvua. Mvua ya kwanza reli ikajaa kama mtaro, maji yakamwagikia ndani. Tulivizibua kwa msumari na tatizo likaisha. Basi siku ya kupokea kazi, chukua chupa ya maji, mimina kwenye reli, simama nje uone yanatoka.

Chumvi. Kwenye nyumba iliyo karibu na ufuo, alumini yenyewe itadumu. Vinavyokufa ni vidogo vinavyoishikilia. Skrubu za chuma cha kawaida zitatoa machozi ya kutu kwenye fremu nyeupe mapema sana. Dai chuma kisichoshika kutu, daraja la 316 ukilipata, maana 304 karibu na bahari nayo huanza kupata madoa. Alumini isigusane moja kwa moja na chuma cha grili, weka mpira au plastiki katikati, la sivyo hewa ya chumvi itaila pale zinapokutana. Magurudumu ya milango ya kuteleza yawe ya nailoni, na uyashike mkononi kabla hayajafungwa, kwa sababu yakishaingia ndani ya fremu huyaoni tena mpaka mlango ugome. Na vioo vioshwe kwa maji ya bomba au ya mvua. Maji ya kisima ya hapa yana chumvi, ukioshea vioo unabadilisha ukungu mmoja kwa mwingine.

Kioo cha chini, kuanzia sakafuni mpaka kiunoni, na cha milango, kisiwe cha kawaida. Kuna kile kilichopitishwa motoni, kikivunjika kinakuwa chembechembe, na kuna cha tabaka mbili zenye plastiki katikati, kinachopasuka kikabaki palepale. Cha kwanza hakikatwi tena kikishatoka kiwandani, hata milimita moja, kwa hivyo vipimo vichukuliwe baada ya fremu kusimama, kamwe si kutoka kwenye mchoro. Ikiwa una watoto, afadhali chini uweke ukuta mfupi au mbao na uachane na kioo mpaka sakafuni. Kinapendeza kwenye picha, lakini alama za vidole utazifuta kila siku.

Wavu wa mbu weka, ila jua unakula sehemu ya upepo, kwa hivyo madirisha yawe makubwa kuliko unavyodhani. Wa chuma utaoza, chagua wa nyuzi za fibre.

Aliyeandika kwamba baraza halihitaji kibali kwa sababu paa lipo tayari anakupotosha. Kuligeuza kuwa chumba ni mabadiliko ya jengo, na chini ya Sheria ya Mipango ya Miji na Matumizi ya Ardhi ya 2019 idhini inatoka kaunti. Nenda ofisi ya mipango ya Kaunti ya Kilifi na mchoro mkononi kabla hujanunua hata skrubu.

Na yule ndugu aliyeuliza kuhusu nyumba ya familia Lamu, Mji wa Kale: yako ni habari tofauti kabisa. Mji ule uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kabla ya kugusa sura ya nyumba inabidi uwaone watu wa uhifadhi wa Makumbusho ya Taifa. Kufunga daka, yaani kibaraza cha mlangoni, usikufikirie hata kidogo, pale ndipo wageni wa mlangoni na majirani wanapokaa. Ukitaka mahali pa mwanga pasipoingia mvua, tazama juu ya nyumba au pembeni mwa kiwanda cha ndani, yaani ule ua wa katikati ya nyumba, na kiwanda chenyewe kibaki wazi kwa juu, ndicho kinachovuta hewa vyumbani. Kuta za matumbawe na chokaa zinapumua. Ukizibandika saruji ili fremu zikae sawa, unyevu utakwama ndani na lipu itaanza kubanduka.

Bei sitakuandikia, ya alumini ya mwezi jana si ya mwezi huu. Omba bei kwa futi mraba, na uulize kama ndani yake mna kioo, wavu, grili, usafiri na kufunga, maana mafundi wawili wakikutajia bei moja huenda mmoja anazungumzia fremu tupu.

Dada, tuma picha mbili zaidi: pale bati linapokutana na ukuta wa sebule, na ukingo wa baraza ukiwa umechimba kidogo pembeni yake tuone zege lina unene gani. Hapo nitakwambia kama tofali zitakaa au uende na fremu mpaka chini.