Barua kwa mwanangu: usome kiangazi au urudi Pemba

Mwanangu, asalamu aleykum. Voisi yako nimeisikia. Unauliza likizo hii ya kiangazi huko Marekani ubaki chuoni uchukue kozi mbili za krediti tatu tatu, takwimu na ile historia, ili umalize digrii mapema, au urudi Wete tukuone. Babako keshasema urudi, bibi yako ndo usiseme, lakini mie nakujibu kama mwalimu kwanza halafu ndo kama mamako.

Baki, ila chukua moja tu. Takwimu, maana hiyo ni ya lazima kwako.

Krediti ihesabu kwa masaa mwanangu. Kanuni ya huko krediti moja ya semesta ni saa moja ya darasani kila wiki na mbili za kusoma mwenyewe, kwa wiki kama 15, yaani masaa 45 hivi, kwahiyo kozi ya krediti tatu inakula masaa 135. Sasa kiangazi hiyo hiyo umesema inabanwa wiki sita, hapunguzi mtu kitu, ni masaa 22 na nusu kila wiki. Mbili ni 45, na jioni unafanya kazi maktaba, utalala saa ngapi? Na usijilinganishe na mdogo wako aliye SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar, hapa kwa kanuni ya TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, krediti moja ni masaa 10 na digrii ya miaka mitatu inaanzia krediti 360, vipimo mbali mbali kabisa.

Ile fikra yako nyengine ya kusoma chuo cha jirani kwa bei nafuu naipenda, lakini usitoe hata dola moja kabla hujapata imeili ya chuo chako inayosema kozi hiyo wataipokea na itakaa pahala pa takwimu unayodaiwa. Tena vyuo vingi huchukua krediti tu, alama yenyewe haiingii kwenye GPA, yaani wastani wa alama zako, basi kama unataka kupandisha GPA soma hapo hapo kwako. Na skolashipu uliza kama inalipia kiangazi, nyingi hazilipi.

Darasani utakuta wanafunzi wenzako wengine ni walimu watu wazima, maana majimbo mengi huko mwalimu huhitaji masomo ya ziada kuhuisha leseni yake na skuli zikifungwa ndo wanapata nafasi. Ni jambo la zamani hilo, kiangazi cha 1900 walimu wa Cuba kama 1,300 walipandishwa meli za jeshi la Marekani wakenda kusoma Harvard, watu wa kisiwani kama sisi, na mie kila nikiwakumbuka najivunia kazi hii. Kaa karibu na hao walimu, fanya nao hesabu, mtu aliyezoea kumfahamisha mtoto asiyefahamu atakufaa kuliko kijana anayekimbilia jibu.

Kozi ikiisha, uje kabla semesta haijafunguliwa, hata wiki mbili zinatosha. Viza yako haikulazimishi kusoma kiangazi ukishamaliza mwaka na unarudi muhula ujao, lakini usikate tiketi mpaka ofisi ya wanafunzi wa kigeni wakusainie I-20, ile fomu ya chuo inayokwenda na viza yako, upate kusafiri na kurudi.

Babako niachie mie nitaongea nae, nauli tutasaidiana inshaallah. Wewe kesho mwandikie mshauri wako wa masomo, akikujibu nitumie nisome.

Mamako