Ukirithi jedwali lililosimbwa kwa DES

Mifumo ya zamani ya hifadhidata ya Oracle niliyokabidhiwa ilifanana kwa jambo moja: kulikuwa na prosija (kipande cha msimbo kinachokaa ndani ya hifadhidata) ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa, inaita DBMS_OBFUSCATION_TOOLKIT, kifurushi cha zamani cha Oracle cha kusimba data kwa DES, na ufunguo wa herufi 8 umeandikwa humohumo ndani ya msimbo. Ushauri wangu ni kwamba usihangaike kuikarabati. Iachie kazi moja tu ya kusimbua, hamishia data kwenye AES, njia ya kisasa ya kusimba, kisha uifute.

DES ilikuwa kiwango rasmi cha Marekani cha kusimba data tangu 1977, na ufunguo wake una biti 56 tu zinazofanya kazi. Mwaka 1998 EFF, shirika la kutetea haki za kidijitali, liliunda mashine iliyoupata ufunguo kwa kuzijaribu funguo moja moja, na haikufikisha hata siku 3. Triple DES, yaani DES iliyorudiwa mara tatu, ilirefusha ufunguo, lakini bloku, yaani kipande cha data kinachosimbwa kwa mkupuo, ikabaki ya biti 64. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, hairuhusu tena kusimba data mpya kwa Triple DES tangu 2023 iishe, ila kusimbua ya zamani ruksa.

Kazi kubwa iko kwenye kusimbua, na adui mkuu ni ujazo, yaani baiti za ziada za kujaza bloku ya mwisho. DES hushughulikia baiti 8 kwa mkupuo, na kifurushi kile cha zamani hakijazii pengo lolote: ukikipa baiti 13, kinakurudishia kosa la ORA-28232. Basi kila mwandishi alijaza kwa namna yake, huyu kwa nafasi tupu, yule kwa CHR(0), baiti ya sifuri. Wengi walihesabu urefu kwa LENGTH, inayohesabu herufi, badala ya LENGTHB, inayohesabu baiti. Hesabu hiyo hukubali miaka na miaka, mpaka liingie jina lenye é, ambayo katika UTF-8 ni baiti 2, na hapo kila kitu kinagoma. Kwa hiyo soma msimbo uliosimba kabla hujaandika wa kusimbua.

DBMS_CRYPTO, kifurushi kipya zaidi cha Oracle kilichokuja na toleo la 10g, inaweza kusoma data hiyo ukiiambia PAD_NONE (usiguse ujazo), kisha ukaondoa ujazo mwenyewe. Lakini angalia: kwa PAD_NONE, ufunguo usio sahihi hauleti kosa lolote. Unapewa takataka kimyakimya. Anza na rekodi ambayo maandishi yake halisi unayajua. Kama ni CBC, mtindo ambao kila bloku huchanganywa na iliyotangulia, na baiti 8 za mwanzo ndizo zimeharibika huku zinazofuata zikisomeka vizuri, ufunguo ni sahihi. Tatizo ni vekta ya kuanzia, yaani baiti zinazochanganywa na bloku ya kwanza. Dalili hiyo imeniokoa kuliko nyaraka zozote. Na wakati wa kurudisha maandishi, taja seti ya herufi iliyotumika siku ya kusimba, maana hifadhidata inaweza kuwa imebadilishwa tangu hapo.

Kuna mtego mwingine ambao hauonekani hadi umalize. Mfumo wa zamani, kwa ufunguo na vekta zilezile, hutoa matokeo yaleyale kwa neno lilelile. Ni udhaifu, ila kuna ripoti na faharasa za kipekee (index zinazozuia thamani kujirudia) zinazoutegemea bila mtu kujua. AES yenye vekta ya nasibu huua utafutaji huo. Ongeza safu ya pili yenye HMAC (alama ya utambulisho inayotengenezwa kwa ufunguo) ya thamani hiyo, kwa ufunguo wake tofauti, na utafute kupitia hapo. Ufunguo wenyewe utoe kwenye prosija; amri ya wrap, ya kuficha msimbo katika Oracle, haifichi kitu kwa mtu anayetaka kweli kuona.

Data mpya iandike kwenye safu mpya, usiandike juu ya ile ya zamani. Isimbue tena, ilinganishe na iliyotoka DES, rekodi kwa rekodi, ndipo ufute. Halafu zikumbuke chelezo: zile zilizochukuliwa kabla ya kuhama bado zina DES yake, na huenda na prosija yenye ufunguo pia. Zipangie tarehe ya kuharibiwa.