Kabla hajaandika dawa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mjukuu wangu aandikishwe kwa yule bingwa wa watoto wa hospitali kubwa, mwendo wa saa nzima, au kwa daktari wa jirani, ambaye si bingwa ila mnamfikia kwa miguu. Tangu nilipoisoma barua yako namuwaza mdogo wako.

Nyumbani huwa tunasema "mwaka ule wa nimonia" na kupita. Leo nikueleze nilichokuwa nikikiruka.

Mdogo wako alikuwa na miezi saba. Baba yako yuko safarini, wewe nimekuacha kwa shangazi. Mtoto alikohoa siku mbili, ya tatu akakataa kunyonya. Nikampeleka kwa daktari wa watoto mwenye sifa kubwa, vyeti vimejaa ukutani, foleni imetoka mpaka nje. Hakumgusa. Mtoto alikuwa ndani ya blanketi, alimtazama uso tu, akaandika dawa ya kikohozi, akaniambia, "Mama, ni mafua tu hayo, punguza wasiwasi." Na mimi nikamwomba radhi kwa kumpotezea muda. Nilimwomba radhi, mwanangu! Kinachoniuma mpaka leo ni ile radhi.

Usiku huohuo nikakimbilia kituo cha afya cha karibu. Zamu ilikuwa ya tabibu kijana, sauti yake ya chini. Akasema, "Mfungue, mama." Akampandisha fulana mpaka kwapani, akavua saa yake akailaza kitandani, akangoja mtoto atulie, maana pumzi za mtoto anayelia hazihesabiki. Kisha akahesabu dakika nzima, midomo ikicheza bila sauti. Zilikuwa 64. Mtoto wa umri ule, zikifika 50 tayari ni za haraka mno. Akanionyesha chini ya mbavu: kila alipovuta pumzi, pale palibonyea kwa ndani. Hospitali tuliyopelekwa kwa haraka walimwekea oksijeni na kumchoma sindano, na siku ya tatu akanyonya.

Ndiyo maana nakuambia kila siku: mtazame daktari mikono, usimtazame ukuta.

Sasa usije ukadhani nawachukia mabingwa. Nimejibishana na nafsi yangu kuhusu yule bwana miaka mingi. Kifua cha mtoto hubadilika kwa saa chache. Huenda mchana ule hata angehesabu asingepata 64. Huenda. Lakini hakufungua blanketi, na hapo ndipo ninapokwama kila nikitaka kumsamehe. Na wewe mwenyewe, ulipokuwa na wiki sita, ni bingwa aliyesikia mlio wa ziada kwenye moyo wako, wengine wote walikuwa wamepita bila kuusikia. Alilaza kifaa chake kifuani kwako, akakihamisha, akafumba macho, akarudia. Tundu lilikuwa dogo, likaziba lenyewe. Kwa hiyo ubingwa una kazi yake, sibishi. Naye pia alikuwa mtu wa mikono, unaona?

Nenda kwa wote wawili mtoto akiwa mzima, kwa kupima uzito tu au chanjo. Tazama kama anampima kabla ya kuandika dawa, kwa sababu dozi ya mtoto hufuata kilo zake. Tazama kama anaifungua kadi ya kliniki na kuufuata mstari wa uzito tangu alipozaliwa, au anajaza tarehe na kuirudisha. Mwambie jambo moja linalokutia hofu, hata dogo, uone kama ataacha kalamu.

Na uliza usiku nani anapokea simu. Mwanao ana wiki tano. Mtoto wa chini ya miezi 3 akipata joto la nyuzi 38, hapo hakuna kungoja asubuhi wala kumpa dawa ya homa uone itakuwaje. Ni kumbeba na kwenda. Saa nzima ya barabara, usiku, na mtoto wa namna hiyo mapajani... Haya, naona naanza kukuamulia. Nilijiapia nisifanye hivyo, maana mama mkubwa wako ndiye aliyenichagulia yule wa vyeti, na nilinyamaza kwa heshima. Wewe na mwenzio ndio mtakaokuwa mkimbeba, amueni ninyi.

Jumatatu mkitoka kwa wa kwanza, nipigie kabla hujafika nyumbani. Uniambie kama alimvua fulana.

Mama yako