Gazeti lazima liishe

Swali lenu la wiki hii linasema gazeti likiacha kuchapwa likabaki mtandaoni tu, bado ni gazeti au limeshakuwa kitu kingine? Mimi nimekaa miaka kadhaa kwenye kupanga kurasa kabla sijaachana na hiyo kazi, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kirefu, na jibu naliweka hapa juu kabisa kama tulivyozoeshwa: bado ni gazeti kama lina toleo. Likikosa toleo hapana, hata liwe na wasomaji milioni.

Toleo ni nini. Ni ule mzigo wa siku moja ambao kuna watu wamekaa wakaamua hii inaingia hii inatoka, hii ukurasa wa kwanza, hii ukurasa wa saba kule chini kwenye kona, alafu ikifika saa nne usiku kurasa zinafungwa zinaenda mtamboni na hakuna cha ngoja niongeze. Tulikuwa tunagombana na wahariri kwa ajili ya mistari miwili, kichwa cha habari hakiingii kwenye safu, mhariri hataki kukikata, na huku mtamboni wanapiga simu maana gari zikichelewa kuondoka gazeti linafika watu wameshaingia kazini, na hapo halinunuliki tena. Presha ile haikuwa nzuri kwa mtu yeyote lakini ndiyo iliyolazimisha watu wachague. Mtandaoni nafasi haijai, kwa hiyo kila kitu kinaingia na kazi ya kuchagua anaachiwa msomaji, tena msomaji mwenyewe yuko kwenye foleni ana simu mkono mmoja.

Angalieni The Independent la Uingereza. Lilianza 1986, na Machi 2016 likachapa toleo la mwisho la karatasi, wakati huo wanaolinunua walikuwa kama elfu 40 tu kwa siku. Kibiashara ukipiga hesabu ilikuwa sawa kabisa, karatasi, wino, magari, na yale magazeti yanayorudi hayajauzwa, vyote vimeondoka, na kampuni ikaanza kuona faida. Lakini watafiti wawili, Neil Thurman na Richard Fletcher, wakapima kitu ambacho wenye magazeti wengi hawapendi kukipima, yaani muda ambao watu wanakaa nalo. Msomaji wa karatasi alikuwa anatumia dakika 37 hadi 50 kwa kila toleo. Wa mtandaoni wastani dakika 6. Kwa mwezi! Wale wa karatasi walipoondolewa, muda wote ambao Waingereza walikuwa wanatumia kulisoma gazeti lile ulishuka kwa asilimia 81, ingawa kwa idadi ya vichwa wanaofungua tovuti ni wengi mara nyingi zaidi. Sasa wale wasomaji wa dakika 40 hawakuhamia kwenye simu na dakika zao, walizimika tu.

Na hili hata bila utafiti unaliona. Zamani mtu akibishana anakwambia nimesoma gazeti fulani, anakutajia jina, na wewe unajua umwamini kiasi gani. Siku hizi anasema nimeona mtandaoni. Mtandaoni wapi? Hajui, ilitumwa kwenye grupu.

Kuna wanaosema basi intaneti ndiyo iliyoua magazeti kwa sababu habari ni za bure. Sikubaliani sana. Msomaji hakuwahi kulipia gharama zote za habari, hela kubwa ilikuwa kwenye matangazo, na hasa yale matangazo madogo madogo ya nyuma ambayo kila mtu anayaruka mpaka siku anatafuta chumba, kazi au gari iliyotumika. Huko Marekani alitokea Craig Newmark mwaka 1995 na orodha yake ya barua pepe ikawa Craigslist, watu wakatangaza karibu bure, na ule ukurasa ukaanza kukonda. Baadaye Google na Facebook wakachukua makubwa. Mapato ya matangazo ya magazeti ya Marekani yalikuwa kama dola bilioni 49 mwaka 2005, kufikia 2020 hayakufika hata bilioni 10. Hapo hata uandike habari tamu namna gani, aliyekuwa anamlipa mwandishi ameshahama.

Ndio maana magazeti yakaanza kuweka ukuta wa malipo, yaani tovuti haifunguki yote mpaka ulipie. New York Times walifungua tovuti 1996, wakaweka ukuta Machi 2011, watu wakacheka wakasema nani atalipia kitu cha bure, leo wanaolipia wamepita milioni 10. (Wengine najua wanafuata michezo ya maneno na mapishi, wale jamaa walinunua mpaka Wordle 2022, lakini hata karatasi ilikuwa inanunuliwa kwa ajili ya chemsha bongo, tusijifanye.) Shida ni kwamba dawa hiyo inamfaa mkubwa. Gazeti dogo linaloandika habari za baraza la mji mmoja, wasomaji wa kulipia litawatoa wapi wa kutosha?

Ila mfano ninaoupenda mimi ni La Presse la Montreal, Kanada. Wao 2013 walitengeneza toleo la tableti, linaingia asubuhi, lina kurasa zimepangwa na watu, lina mwanzo na lina mwisho. Wasomaji wakahamia nalo. Kuanzia 2016 wakaacha kuchapa siku za wiki, mwisho wa 2017 wakaacha na la Jumamosi, na 2018 wakawa taasisi isiyogawa faida kwa wenye hisa. Sisemi kila mtu anaweza, ni hela nyingi ile na tableti zenyewe siku hizi watu hawana habari nazo, lakini walielewa kwamba kinachohamishwa ni toleo, wengine walihamisha rundo la habari tu wakaliita tovuti.

Mimi nalipia gazeti moja mtandaoni. Tovuti yao siiwezi, habari ya saa mbili asubuhi ikifika mchana kichwa kimebadilishwa kimyakimya na huoni hata neno samahani, wakati sisi tukikosea ilibidi tuchape masahihisho kesho yake na kosa lenyewe linabaki maktaba milele. Kwa hiyo huwa naenda moja kwa moja kwenye ile pdf ya kurasa zenyewe. Wameificha chini kabisa ya menyu, baada ya sera ya faragha.