Jibu: Risasi zangu zinaenda chini kushoto
Ndugu yangu, unasema ukisimama mita 10 risasi zako zote zinapiga chini kushoto, na unashuku bastola ni mbovu. Sidhani. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mara nyingi hiyo ni dalili ya kuogopa mshindo: kabla haijalia, mkono unakaza na mtutu unainama. Mwombe mwalimu akuchanganyie risasi bandia, yaani zisizolipuka, kwenye magazini (kisanduku cha risasi cha bastola), usijue ziko wapi. Ukiifikia moja utaona mwenyewe mdomo wa bastola ukichovya chini, na mlio hakuna. Halafu vuta kifyatulio taratibu, jicho libaki kwenye kilengeo cha mbele. Bastola ni fupi mno: kilengeo cha mbele na cha nyuma vikiachana sentimita 16 hivi, kosa la milimita 1 tu linakuwa sentimita 6 kwenye shabaha yako.